Ng'ombe Hazeeki Maini, Lakini Wewe Si Ng'ombe

Mdogo wangu, sikukuita nikugombeze. Umri wa kugombeza umenipita, na haya ninayotaka kukwambia nimeshawaambia wanaume wengi kabla yako. Wengine niliwaambia nikiwa bado tabibu wa zahanati, wengine baada ya kustaafu, waliponifuata nyumbani giza likishaingia ili jirani asiwaone. Waliitikia, wakashukuru, wakaaga kwa heshima zote. Kisha wakapanda gari kwenda Makambako kununua unga wa dawa. Kwa hiyo usishangae nikikwambia nimechoka. Ila mtu mzima akinyamaza kwa sababu tu hasikilizwi, kesho ataulizwa alikuwa wapi.

Makambako unaijua kuliko mimi, maana ndiko unakopakilia nguzo na viazi vyako. Pale barabara ya kutoka Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikiendelea Mbeya hadi Tunduma na nyingine ikishuka huku kwetu Njombe mpaka Songea, hakuna kisichouzwa. Ukikaa stendi nusu saa lazima umsikie kijana mwenye spika nyuma ya pikipiki. Sauti imerekodiwa, inajirudia: ngiri, mgongo, kiuno, kukojoa mara kwa mara, nguvu za kiume, heshima ya ndoa. Orodha haibadiliki mwaka hadi mwaka. Dawa ni moja kwa maradhi yote hayo, na jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mwenye akili asogee mbali. Lakini mwenye shida hasogei. Anatoa noti akitazama pembeni, anapokea fundo dogo la nailoni, analitia mfukoni haraka. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna aliyeitengeneza. Muuzaji anajua vizuri kwamba mteja wa namna hii hata akipunjwa hatarudi kulalamika.

Mama mmoja aliwahi kuniletea fundo la aina hiyo zahanati, baada ya mumewe kuanguka chooni usiku. Nililifungua juu ya karatasi nyeupe. Unga wa kahawia, harufu ya mdalasini na tangawizi, na ndani yake chembe nyeupe ambazo hazikusagika sawasawa. Chembe mbili zilikuwa bado na ganda la buluu upande mmoja. Mdogo wangu, nimezaliwa hapa, nimechimba mizizi na babu yangu, sijauona mzizi wenye ganda la buluu.

Mchezo huo si wa Makambako peke yake. Marekani, wakaguzi wa serikali yao walikuta bidhaa 776 zilizouzwa kama virutubisho kati ya mwaka 2007 na 2016 zikiwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani, na karibu nusu yake, 353, zilikuwa hizi za kuongeza nguvu za tendo. Dawa iliyotiwa humo mara nyingi ni ileile sildenafili, ambayo dunia inaijua kwa jina la Viagra tangu mwaka 1998. Sasa wewe unayejivunia kwamba hutumii vidonge vya Wazungu, unatumia mitishamba tu, huenda unameza kidonge hichohicho cha Mzungu bila kujua ni robo au ni vitatu.

Umeniambia una miaka 54. Asubuhi huamki tena kama zamani, na usiku umejifunza kusinzia kwenye kiti mbele ya televisheni mpaka shemeji alale kwanza. Ukasikia redioni kwamba mwanaume akizeeka homoni yake inashuka, ukafunga hesabu: basi nimeisha, nitafute cha kuniongezea. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze taratibu.

Homoni yenyewe ni testosteroni. Inatengenezwa kwenye korodani kwa amri inayotoka kichwani: tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inatuma ujumbe kwenye damu, korodani zinatii. Inapanda asubuhi, inashuka jioni. Ndiyo inayomletea kijana ndevu na sauti nzito, ndiyo inayotunza misuli na mifupa, inayosaidia damu nyekundu itengenezwe, na inayoamsha hamu. Kuanzia miaka ya 30 au 40 hivi inaanza kupungua, kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka. Ile sehemu yake iliyo huru kwenye damu, ambayo mwili unaifikia kwa urahisi, inapungua kwa kasi zaidi kidogo, kwa kuwa protini inayoishikilia inaongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Hayo ni kweli, sitakuficha. Lakini piga hesabu wewe mfanyabiashara. Asilimia 1 kwa mwaka haimwangushi mtu kati ya Krismasi na Pasaka. Wewe unasema mambo yalibadilika ndani ya miezi michache. Umri hauna haraka hiyo.

Watafiti wa Ulaya waliwapima wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79 katika vituo vinane, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Hawakutosheka na kipimo cha damu. Walitaka homoni iwe imeshuka kweli, na pamoja na hayo mtu awe na dalili tatu kwa mpigo: hamu imepungua, asubuhi haamki, na tendo lenyewe linamshinda. Waliotimiza yote hayo walikuwa kama 2 katika kila 100. Wa rika lako, walio kwenye miaka ya 50, hawakufika hata 1 katika 100. Wa rika langu, miaka ya 70, walikuwa kama 5. Kwa hiyo wa kulalamika ni mimi, na mimi silalamiki.

Utasema hao ni Wazungu. Haya, tusogee karibu. Kuna uchunguzi wa mwaka 2002 uliolinganisha mate ya wanaume wa Marekani, Nepal, Paraguay na wakulima wa Kilese wa msitu wa Ituri, huko mashariki mwa Kongo. Vijana wa Marekani walikuwa juu sana, wa Ituri walikuwa chini kuliko wao. Lakini kwenye umri wa miaka 45 hadi 60 tofauti ile ilikuwa imefutika. Mmarekani huporomoka kutoka juu, mkulima wa Ituri huteremka pole pole, uzeeni wakajikuta mahali pamoja. Na huyo kijana wa Ituri mwenye kiwango kidogo alikuwa analima, anaoa, anazaa. Kwa hiyo namba ya juu yenyewe si uanaume. Wanaokuuzia namba hiyo hawakwambii hivyo.

Na hapa hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, walipimwa Wahadzabe na jirani zao Wadatoga. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Baba wa Kihadzabe hukaa na mtoto mchanga, humbeba, humbembeleza, hulala naye. Kwa Wadatoga, ambao ni wafugaji, kumlea mtoto mdogo ni kazi ya kina mama, baba yuko kwenye ng'ombe. Ikaonekana Wahadzabe wenye watoto wana testosteroni ya chini kuliko Wahadzabe wasio na watoto. Kwa Wadatoga, mwenye mtoto na asiye na mtoto hawakutofautiana. Mimi nilipousoma utafiti ule nilicheka peke yangu, kisha nikautafakari sana. Homoni ya mwanaume inaweza kushuka kwa sababu ameshika mtoto, wala hakuna Mhadzabe aliyekwenda stendi kununua unga kwa ajili hiyo. Kushuka kwingine si ugonjwa. Ni mwili kubadilishiwa kazi.

Basi kama si umri, ni nini? Nikutazame.

Tangu uingie kwenye nguzo na mbao umeacha jembe. Zamani ulikuwa unatembea kwa miguu kwenda shamba na kurudi, sasa kutoka nyumbani hadi dukani unawasha gari. Mkanda wako umefika tundu la mwisho. Mafuta yale ya tumboni hayakai bure, mdogo wangu. Yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, na unene unaivuruga hata ile amri ya kutoka kichwani. Mwanaume mnene akipunguza uzito, homoni yake hupanda yenyewe bila sindano. Hilo madaktari hawabishani.

Kinywaji sikikatazi. Ulanzi wa masika nimeugema na nimeunywa, na sitajifanya mtakatifu leo. Lakini zamani ulanzi ulikuwa na msimu wake, mianzi ikikauka tunapumzika. Ninyi mmeunganisha: ulanzi ukiisha komoni ipo, komoni ikiisha bia ipo, na juu yake kile kikali cha kwenye chupa ndogo. Pombe nyingi ya kila siku inapiga korodani moja kwa moja, inapiga na ini. Halafu unaniambia ng'ombe hazeeki maini. Ng'ombe anakunywa maji.

Usingizi nao. Chicago, mwaka 2011, waliwalaza vijana 10 wenye afya nzuri saa tano tu kwa usiku, kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja, na vijana. Wewe unasafiri na fuso la viazi usiku kucha mpaka Dar es Salaam, unauza, unageuza, na ukirudi unadai mwili umekusaliti. Ongeza madeni, ongeza parachichi zilizokataliwa na mnunuzi, ongeza msiba wa mwaka jana ambao hujaulilia. Akili iliyobanwa haimpi mwili ruhusa. Kuna alama moja utajipimia mwenyewe: kama alfajiri mambo yanaamka yenyewe lakini usiku mbele ya mkeo yanakataa, basi mara nyingi shida iko kwenye mawazo, au kati yako na yeye. Kama hata alfajiri kumekuwa kimya muda mrefu, hapo tuutafute ugonjwa.

Na ugonjwa ninaouogopa si homoni. Ni sukari na presha.

Muhimbili waliwachunguza wanaume wa kliniki ya kisukari, ripoti ikatoka mwaka 2014: zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo hilo lako. Na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kama mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu, wengi bila kujua. Tendo lile ni kazi ya damu. Mishipa lazima ipanuke, damu ijae, isitoke. Sukari na presha na sigara huikakamaza mishipa na kuijaza mafuta, na kwa kuwa mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, inaonyesha dalili mapema, jinsi bomba jembamba linavyoziba kabla ya bomba nene. Mara nyingi inatangulia kwa miaka kadhaa kabla moyo haujashikwa. Yaani hilo unalolionea aibu pengine ni taarifa uliyopewa ungali na nafasi. Anayekuuzia unga anakuzimia taarifa hiyo. Utafurahi miezi miwili, na moyo utaendelea kuziba.

Kisha kuna hatari ya papo hapo. Dawa ya sildenafili ilianza kuchunguzwa kwa ajili ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo, ndipo wakagundua inafanya kazi nyingine. Inapanua mishipa. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati, zile anazoweka chini ya ulimi kifua kikimbana, akichanganya na sildenafili presha yake inaweza kushuka ghafla hadi akafa. Daktari lazima akuulize hilo kabla hajakuandikia. Kijana wa spika hakuulizi. Yule aliyeanguka chooni hakuwahi kunieleza alikuwa anatumia dawa gani nyingine; aliona aibu hata akiwa kitandani.

Usinielewe vibaya. Sisemi dawa hiyo ni haramu. Ukishapimwa, daktari akaona moyo unaruhusu, akakupa kipimo chako, ukanunua famasi iliyosajiliwa, itumie na umshukuru Mungu. Wala sidharau tiba za asili. Nchi hii ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002, ina baraza lake, ina waganga waliosajiliwa wanaojulikana majina na mahali walipo. Ninachokataa ni unga usio na mwenyewe.

Na wako wanaotaka homoni yenyewe, sindano au jeli, kwa kuwa wameona kwenye simu mzee wa Marekani mwenye kifua cha kijana. Tamaa hii ni ya zamani. Mwaka 1889 daktari mmoja mkubwa wa Ufaransa, Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alijidunga maji ya korodani za mbwa na za simbilisi, akatangaza kwa wasomi wenzake kwamba ujana umemrudia. Miaka 5 baadaye alikufa. Kisha akaja Voronoff, miaka ya 1920, akawapandikizia matajiri vipande vya korodani za nyani. Matajiri wale walilipa na wakazeeka. Wazungu nao walikuwa na stendi yao. Homoni halisi ilipatikana na kutengenezwa maabara mwaka 1935, na walioitengeneza, Butenandt na Ružička, walipewa Nobel mwaka 1939. Tangu hapo imekuwa dawa ya kweli kwa mgonjwa wa kweli: aliyeumia korodani, aliyepata matubwitubwi yakashuka huko, mwenye uvimbe kwenye ile tezi ya kichwani, na mzee ambaye kipimo na dalili vimekubaliana.

Kwa wengine faida yake ni ndogo kuliko matangazo. Mwaka 2016 Wamarekani walitoa matokeo ya wazee 790 wa miaka 65 na zaidi wenye homoni ya chini. Waliopewa jeli kwa mwaka mmoja walipata nafuu ya kiasi kwenye hamu na tendo. Ile nguvu ya mwili waliyoitarajia, ya kuamka wachangamfu na kuacha kuchoka, haikuonekana ya maana. Mwaka 2023 wakatoa uchunguzi mwingine wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye hatari ya moyo. Mshtuko wa moyo haukuongezeka, na hilo ni jema, lakini moyo kudunda ovyo na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi kwa waliotumia. Na jambo ambalo vijana wa mazoezi hawaambiwi: ukijidunga homoni ya nje, kichwa kinaona imetosha, kinaacha kutuma amri, korodani zinalala na mbegu zinapotea. Umetafuta uanaume, umepata utasa.

Sasa naomba unitazame, maana hapa ndipo penye uchovu wangu mkubwa.

Mkoa wetu ulianza kujitegemea mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Iringa, na tangu hapo jina la Njombe limekuwa likisomwa la kwanza kwenye orodha moja tusiyoitaka. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 4.4. Yaani ukikaa na watu wazima wanane, mmoja anavyo. Dawa zipo, na anayezimeza vizuri anaishi miaka yake yote. Wako rafiki zangu wanaozitumia na wananishinda kutembea. Lakini hao ni waliopima.

Mwanaume anayenunua ule unga mara nyingi haupeleki nyumbani. Nyumbani ameshaona haya. Anaupeleka gesti ya Makambako, kwa binti anayehudumia vinywaji, mwenye umri wa mwanawe wa mwisho, ili amthibitishie kwamba bado yupo. Wenzake wanampigia makofi: ng'ombe hazeeki maini. Yule binti hana nguvu ya kumwambia avae kondomu, kwa kuwa kodi ya chumba imefika. Na mzee mwenyewe haitaki, kwa sababu anaogopa akisimama kuivaa mambo yatalala. Nimewasikia wakisema hivyo kwa midomo yao. Kisha anarudi kwa mama wa watu, mwanamke ambaye hajatoka nje ya ndoa maisha yake yote, na yeye ndiye anayegundulika kliniki.

Nimezika, mdogo wangu. Miaka ya 1990 na ya 2000, kabla dawa hazijasambaa, kulikuwa na Jumamosi ambazo tulitoka makaburi ya kijiji kimoja tukaingia ya kingine na majembe yaleyale. Nyumba zilibaki na bibi na watoto. Wengi wa wale wanaume waliokufa hawakuwa wahuni. Walikuwa watu wazima, wenye miti, wenye ng'ombe, walioshtuka siku moja kwamba ujana umeondoka, wakaufuata. Sina hamu ya kushika jembe tena kwa sababu hiyo, na mikono yangu haiwezi.

Kinachotuua sisi wanaume wa huku ni aibu kuliko homoni. Kampeni ya tohara ilipoanza mwaka 2009, Njombe ingali ndani ya Iringa, vijana walijaa vituoni. Watu wa makamo walikaa pembeni, wakisema hawawezi kupanga foleni na watoto waliowazaa. Tohara inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60, na mtu anaikataa kwa sababu ya foleni! Ndiyo maana nakwambia, mficha uchi hazai. Uchi huu wa sasa ni kijitabu cha kliniki.

Na shemeji je? Umeshaongea naye? Najua hujaongea, maana ungekuwa umeongea usingekuja kwangu usiku. Mwanamke wa umri wake na yeye anapita mahali pagumu. Hedhi imekoma au inakoma, joto linampanda usiku hata kwenye baridi hii ya Juni, mwili umekuwa mkavu na pengine tendo linamuuma. Anakuona unasinzia kwenye kiti kila siku, anajua moja kati ya mambo mawili: humtaki, au una mwingine. La tatu, kwamba unaogopa, halimjii kichwani kwa sababu hujawahi kumwambia unaogopa kitu chochote tangu mkaoana. Mwambie. Mwambie jikoni, mwambie shambani, popote pasipo watoto. Kuna wanaume ambao dawa yao iliishia hapo, sikuandika hata karatasi. Na hata kama haiishii hapo, mwanaume wa miaka 54 hana deni la kuwa na miaka 24. Mambo yatachukua muda zaidi, yatakuja mara chache zaidi, na mke aliyeishi nawe miaka yote hii hilo analifahamu kuliko wewe.

Sasa nisikilize nikupe kazi, kisha nikuache ukalale. Ule unga ulio kwenye dashibodi ya gari utupe chooni, usimpe dereva wako. Nenda hospitali ya mkoa au Kibena. Ukiwa upande wa Makambako nenda hata Ilembula. Kama unaogopa kuonekana na watu wanaokujua, Ikonda watu wanatoka mikoa ya mbali, hakuna atakayekushangaa. Fika asubuhi hujala kitu. Waambie wakupime presha, sukari, mafuta ya damu na VVU. Mtajie daktari dawa zote unazomeza, pamoja na hizo za presha ulizozikatisha mwenyewe mwaka jana. Kama mojawapo ndiyo inayokupunguza atakubadilishia, usiiache kwa akili yako. Akiona kuna haja ya kupima testosteroni, ipimwe kabla ya saa nne asubuhi, na ikitoka ya chini irudiwe siku nyingine kabla hujapewa chochote, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi na mtu mwenye malaria au mafua makali homoni yake hushuka kwa muda. Mwombe akuangalie na tezi dume, umri wako umefika. Halafu anza kutembea. Kutoka kwako hadi shambani ni nusu saa kwa miguu, gari libaki nyumbani.

Jumatatu ndiyo siku ya kliniki. Nenda na shemeji, naye apimwe.